Kekee Mbili na Mlango Mmoja

Hebu niambie, wewe uliyekaa hapo, ukisikia mwanamke mzee asema ataka kekee, utamletea nini? Usijibu haraka. Mimi nilijibiwa haraka, na mpaka leo nyumba yangu ya kisiwani Ngumi ina shimo pale penye mlango.

Mimi sikusoma. Chuoni nilifika juzuu ya tatu, mama akanitoa nikamlee mdogo wangu, na skuli niliijua kwa kuipita nje. Lakini maneno ninayo, alhamdulillahi, kinywa changu hakijapata kukaa bure. Na hayo maneno ndiyo yaliyoniponza, ndiyo maana nakuhadithia.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashua. Sisi Wabajuni mtu twamwita mchu, na yeye alikuwa mchu wa mzaha, hata akiumwa jino atakuchekesha. Aliponioa hakuwa na kitu. Wenzangu waliolewa na kekee mkononi, ile bangili pana ya fedha, ukiinua mkono inang'aa mpaka jikoni. Mimi mkono mtupu. Siku ya tatu ya harusi nikamuuliza, "Na kekee yangu?"

Akatoka. Akarudi na kekee yake ya kazi, ile ya kutobolea mbao, kijiti na chuma chake na uta wake wa kuizungusha, akaniwekea mapajani na vumbi lake.

"Hii hapa," akasema. "Ile ingine itakuja."

Nikacheka mpaka mama mkwe akaja kuchungulia. Basi tangu siku ile kwetu kekee ni ile ya kutobolea. Nipe kekee, kekee iko wapi, mtoto asichezee kekee. Ile ya fedha haikuja, na mimi nikaisahau, wallahi nikaisahau kabisa kama kwamba haijapata kuwako duniani.

Vita vilipokuja Somalia tuliikimbia Ngumi na watoto na nguo tulizovaa. Mimi nilichukua sufuria. Kekee nikaiacha imetundikwa msumarini, nyuma ya mlango. Mume wangu alikuja kuniuliza tushafika mbali, kwenye mahema, Kenya: "Kekee umeitia wapi?" Nikamwambia nimebeba sufuria. Akasema, "Haya, tutapika mashua."

Miaka hiyo yote sikuhesabii. Kambini, kisha Mombasa, kisha tukarudi Kismayo tukapanga chumba uani kwa mama mmoja wa Kisomali, mtu mwema lakini kuku wake walilala kwetu. Mume wangu alikuwa na neno moja tu: Ngumi. Nyumba yetu kule ni ya mawe ya bahari na chokaa, aliijenga baba yake, na kuta zilikuwa zimesimama. Mlango uliibwa, madirisha yaliibwa, hata ile misumari. Mpwa wake, mwana wa dada yake, ambaye hakuhama kisiwani, akaezeka makuti mapya, akafagia mavi ya mbuzi, akatuletea salamu: njooni, bado mlango.

Mlango mume wangu aliutengeneza mwenyewe, pale uani Kismayo. Alikuwa bado aweza kukaa kitako. Akaranda, akachonga, akaunganisha, kazi ya wiki moja yeye aliifanya miezi mitatu, maana maji yalikuwa yamemjaa miguuni na pumzi imekuwa fupi. Alipoumaliza akaanguka kitandani, hakuinuka tena peke yake. Mlango ukaegemezwa ukutani, mbele ya kitanda chake. Alilala akiutazama.

Nikamwambia, "Twende tu. Nitatundika pazia, mlango utafuata."

"Pazia ni la chumbani," akasema. "Mimi nafunguliwa kikoi kama mtoto, nageuzwa, napanguswa. Wataka Ngumi nzima ipite njiani inione?"

"Nani atakutazama wewe, mzee mwenzangu?"

"Wewe ulinitazama ukaolewa."

Nilicheka, lakini alikuwa hafanyi mzaha. Alitaka kurudi kwao, aingie kwake, mlango ufungwe, awe mgonjwa kwa heshima yake. Ndilo alilobaki nalo. Na mimi nilijua siku zake si nyingi, nilikuwa naziona miguuni mwake kila nikimkanda.

Mpwa wake akaanza kutia miimo, zile nguzo mbili za ubavuni ambazo mlango hushikilia. Yatakiwa matundu sita ukutani, matatu huku matatu huku, upitishe vyuma virefu. Matundu sita tu. Akashika nyundo na patasi, akagonga. Ukuta wa kwetu umekunywa chumvi tangu kabla mimi sijazaliwa. Pigo la nne, likaanguka pande kubwa kama mbuzi. Nilikuwa nimekwenda na mashua ya mashine kumwangalia, nikalishuhudia likianguka.

Akasimama na nyundo yake, uso mweupe kwa chokaa. "Mama," akaniambia, "nikigonga tena nitawaletea nyumba yote chini. Huu wataka kitu cha kuzunguka. Kitoboe bila kugonga."

"Kekee," nikasema.

"Kekee, lakini ya siku hizi. Na hapa umeme hakuna, sola yangu ni ya taa na simu. Kaangalie mjini."

Sasa mimi si mjinga. Nikaokota kipande cha lile pande lililoanguka, kiasi cha kichwa cha mtoto, nikakifunga ndani ya leso, nikapanda nacho mashua kurudi Kismayo. Nilisema sitanunua mashine kwa maneno ya muuzaji. Atatoboa nayo mbele yangu, kwenye jiwe langu.

Duka lenyewe ni la vyuma na rangi, limejaa mpaka barazani. Kisomali nakijua kama maji. Mwenye duka kijana wa makamo, ndevu nyekundu za hina, akanikaribisha, "Ayeeyo, karibu," maana yake bibi. Nikafungua leso nikaweka jiwe juu ya meza yake. Wanaume waliokuwa pale wakatazamana.

Mmoja akasema, "Ayeeyo amekuja na mahari yake."

"Mahari yangu nilishakula," nikamwambia. "Wewe yako bado waitafuta kwa mama yako." Wakamcheka yeye.

Nikamwambia mwenye duka shida yangu. Akatoa mashine ya kwanza, ina sahani ya chuma mbele, akasema hii ni grenda, yakata kila kitu. Akaichomeka, ikalia kama paka kumi. Ikakata jiwe langu ukingoni, vumbi likatujaa sote, ile meza ikawa kama meza ya muuza unga. Ikaacha mfereji. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nataka tundu, sitaki mtaro."

Akatoa ya pili, kubwa, ya kushika kwa mikono miwili. Akaisifu mno, eti ndiyo wanayotumia wajenzi wa maghorofa. Kabla hajaitia kwenye jiwe nikamwambia aiwashe tu, nikaweka kiganja mgongoni mwake. Ilinipiga kama ngamia apigaye teke ndani ya gunia.

"Hii yagonga," nikasema.

"Yazunguka na yagonga, ayeeyo. Ndiyo nguvu yake."

"Nguvu hiyo kamwoneshe adui yako."

Hakunisikia, akaitia. Jiwe likapasuka vipande viwili, kimoja kikaanguka kwenye ndoo ya rangi. Yule wa mahari akasema, "Basi talaka." Hapo hata mimi nilicheka.

Ya tatu ilikuwa nyuma yake, juu ya rafu. Ndogo, kama kuku aliyechinjwa ukimshika shingo, na betri chini yake. Nikaionesha kwa kidole. Akasema ile ni yake mwenyewe, atundikia rafu za duka. Nikamwambia sitaila, aitie tu kwenye jiwe. Akachukua kile kipande kilichobaki, akabadilisha kile kichuma cha mbele, akabonyeza. Haikupiga kelele. Ilizunguka tu, ikaingia, unga mweupe ukatoka taratibu kama mtu achujaye tui. Alipoitoa nikatia kidole changu. Tundu safi, duara, kama la sikio la mtoto wa kike. Mimi machozi yalinilenga pale pale, dukani kwa watu. Niliiona kazi ya mume wangu.

"Nipe hii."

"Haiuzwi, ayeeyo. Ziko nyingine za waya, hizi hapa."

"Kwetu hakuna pa kuchomeka."

"Za betri zaja na kontena kutoka Dubai, inshallah."

"Lini?"

"Inshallah," akasema tena, nikajua.

"Basi niazime. Matundu sita tu, nakurudishia."

Akatabasamu kwa haya. "Kitu kikishapanda mashua, ayeeyo, mimi sikioni tena." Simlaumu, alikuwa hanijui. Kisha akachukua kalamu. "Una mtu nje? Ngoja nikuandikie jina la mashine hii na namba yake kwenye karatasi. Umpelekee picha, atakununulia ile ile."

Na mimi, kwa kiburi changu, nikamwambia, "Karatasi ya nini? Jina lake nalijua. Nimelala na fundi maisha yangu yote."

Nikafunga jiwe langu lenye tundu kwenye leso nikatoka. Ile karatasi, nikiiota mpaka leo naiona, nyeupe, juu ya ile meza yenye vumbi.

Mtu wa nje ninaye. Mjukuu wangu, binti wa binti yangu aliyefariki, tulimlea sisi mpaka akapata njia akaenda Ulaya. Huko atunza wazee kwenye nyumba ya wazee, awaosha na kuwalisha. Simu yangu ni ya kupiga tu, basi nikatumia ya mama mwenye nyumba, ile ya kutumiana sauti. Nikasema, "Mjukuu wangu, babu yako ataka kurudi Ngumi. Nataka kekee. Hapa nimeikosa."

Akarudisha sauti yake, ina furaha: "Kekee, bibi? Haya. Moja au mbili?"

"Moja yatosha. Mbili nizipeleke wapi?"

"Ya ukubwa gani?"

"Ya kukaa mkononi vizuri. Isiwe nzito, mimi ni mzee. Na isiwe ya bati, iwe kitu cha kudumu."

"Sawa, bibi. Kwani kuna sherehe?"

"Babu yako akiingia nyumbani kwake sherehe gani tena yashinda hiyo?"

Waona? Neno kwa neno, kila kitu kilikaa mahali pake. Hata mahakamani tungeshinda sote wawili. Yule mtoto hakuijua kekee, akaona haya kuniuliza ni nini, akamuuliza shangazi yake aliye Mombasa, na shangazi akamwambia bibi yako ataka kekee ya fedha, maskini, hakuvaa alipoolewa. Mji wote wajua sikuvaa, mimi peke yangu ndiye niliyesahau. Shangazi akaenda kwa sonara akaifulisha. Kisha akatafuta mtu wa kuja nayo Kismayo, mtu akapatikana, akaahirisha safari, akapatikana mwingine.

Na mume wangu kila asubuhi nikimpa uji: "Kekee imefika?"

"Iko njiani."

"Imeondoka?"

"Imeondoka."

"Mwambie mpwa wangu aanze kunyoosha vyuma." Nikampigia mpwa, akavinyoosha. Vikakaa ndani ya nyumba tupu, vyuma sita, vimepangwa chini ya ukuta. Kila siku ule mguu ulizidi. Nikikanda, kidole changu chaacha shimo, na shimo halirudi. Nilikuwa nasema moyoni, hata ikifika kesho, siku moja ya mashua, siku moja ya kutoboa, siku moja ya kutia mlango, kisha nije nimchukue. Siku nne. Kisha nikawa nasema tatu, mpwa atatoboa usiku na taa ya sola.

Kifurushi kililetwa asubuhi na mwanamke aliyekuja na ndege. Kidogo, kimeviringishwa kwa plastiki. Nilisema moyoni, siku hizi mashine za Ulaya zimekuwa ndogo. Nikaenda nacho kitandani, nikamwambia mume wangu afungue yeye, yeye ndiye fundi. Vidole vyake havikuweza. Nikaikata ile plastiki kwa kisu.

Ikatoka kekee. Ya fedha, pana, ina maua yamechorwa, ya sonara stadi kweli. Ikaanguka juu ya shuka kati yetu.

Sikuelewa. Niliigeuza nikitafuta betri. Wallahi nilitafuta betri.

Yeye alielewa kwanza. Akaanza kucheka, kicheko kile cha zamani, bila sauti, mabega tu. Akacheka mpaka akakohoa, nikamwinua, nikampiga mgongo, na bado acheka. Alipopata pumzi akasema, "Nilikwambia ile ingine itakuja."

Akanitaka mkono. Akanivisha mwenyewe, taratibu, na ilikuwa pana kwa mkono wangu huu uliokauka, ikateleza mpaka kwenye kisigino cha mkono. Akaitazama. Kisha akautazama mlango pale ukutani. Kisha akageuza uso upande wa pili, akasema, "Basi Ngumi siioni."

Nikamwambia nitamtumia ujumbe sasa hivi, ataleta ile nyingine, nitarudi dukani nipige magoti, nitaiiba. Hakuniuliza tena habari ya kekee, hata siku moja. Nikimpa uji alikuwa akifunga mdomo. Hazikupita siku tisa.

Wanaume walipokuja kumwosha wakauliza ubao wa kumlazia. Mama mwenye nyumba hakuwa nao, wa msikitini ulikuwa umeshachukuliwa kwa maiti mwingine. Wakatazama huku na huku. Kulikuwa na ubao mmoja tu mle ndani, mpana, umerandwa ukarandika, hauna hata kibanzi cha kumchoma mtu. Wakaniuliza. Nikasema chukueni. Basi mume wangu mlango wake hakuupita, aliulalia. Maji yakapita juu yake na juu ya kazi yake, na akatolewa kwa mlango wa bati wa watu, na kuku wakapisha.

Mimi nilikaa eda yangu mle mle. Mlango walikuwa wameuosha wakaurudisha ukutani. Watu wakaniambia niutoe, nimpe mtu autie moto. Sikuutoa. Nililala nikiutazama kama alivyokuwa akilala yeye.

Yule mwenye duka wa ndevu za hina alisikia, mji ni mdogo. Akaja kunipa pole, akakaa mkekani nje ya mlango, na mfuko mkononi. Ndani ya mfuko ile mashine yake ya betri.

"Chukua, ayeeyo. Irudi ikirudi."

Nikaitazama. Nikamwambia, "Mwanangu, aliyeitaka ameshatoka. Rudi nayo ukatundike rafu zako." Akaondoka nayo. Kama angenipa siku ile. Kama ningechukua karatasi siku ile. Kama ningebeba kekee nikaacha sufuria. Naweza kukaa hivi kutwa nzima nikipanga hizi kama, na hakuna hata moja itoboayo ukuta. Mpwa aniambia mvua zimeanza kuingia, na pale palipoanguka pande pazidi kuliwa. Mbuzi wamerudi.

Mjukuu wangu hakuwa akipiga simu. Alikuwa akituma kidogo cha matumizi, bila neno. Mimi nilijua kwa nini. Eda ilipokwisha nikamwomba mama mwenye nyumba simu, nikampigia mimi, ile ya kuonana uso. Akatokea amevaa nguo zake za kazi, macho yamevimba.

"Bibi, mimi ndiye niliyemuua babu."

"Hukumuua. Ulimchekesha. Miezi mingapi mimi nilishindwa kumchekesha."

"Nilikuwa niulize vizuri."

"Na mimi nilikuwa niseme vizuri. Neno ni langu, wewe ulilinunua tu."

Akalia, nami nikamwacha alie, maana huko alia na nani. Kisha akaniambia niinue mkono. Nikainua, kekee ikateleza mpaka kwenye kiwiko. Akacheka kidogo katikati ya machozi, kama babu yake, mabega tu.

"Na mlango uko wapi?"

Nikaigeuza simu nikamwonesha. Akautazama sana. Nikamwambia kwamba walimwoshea juu yake, hakuwa akijua. Kisha akaniambia maneno yafuatayo, na mimi nimeyashika kama nilivyoshika zile juzuu tatu, maana sina lingine la kushika:

"Bibi, usimpe mtu mlango huo, na ukuta usiguswe. Kekee nitakuja nayo mwenyewe, mkononi mwangu, si kwa kumpa mtu. Na yale matundu sita nitayatoboa mimi, na wewe utasimama pale uniambie wapi."